Mwanafunzi Anapojitolea: Nani Mfadhili, Nani Mfadhiliwa?

Neno "kujitolea" limekuwa neno la fakhari katika zama zetu hizi. Kijana wa chuo kikuu haulizwi tena amesoma nini peke yake; huulizwa pia amejitolea wapi, kwa muda gani, na nani atakayemshuhudia. Chuo chamtaka akajizoeze kazi kabla ya kupewa shahada yake, na waajiri nao wataka kuiona barua. Basi kila ifikapo likizo ndefu, vijana wetu wa kiume na wa kike hutawanyika wakaingia katika jumuiya za khairi zinazoshughulikia elimu ya watoto. Wengine hufundisha kusoma, wengine huhesabu vitabu, wengine huzunguka vijijini na madaftari wakipima watoto. Wakirudi, sisi wazee wao hufurahi, tukawaambia majirani: "Mwanangu alikuwa akiwasaidia watoto wa maskini."

Maneno haya ni mazuri, na furaha yetu si ya kulaumiwa. Lakini ndani yake mna jambo tulilolichukulia kuwa ni dhahiri, nalo si dhahiri hata kidogo. Tumesema kwamba mwanetu ndiye aliyetoa, na mtoto wa maskini ndiye aliyepokea. Je, ndivyo? Ukiwekwa mzani wa haki baina ya wawili hawa, yaani kijana aliyekwenda kujifunza kazi kwa miezi mitatu na mtoto aliyefundishwa naye, ni mkono upi utakaoonekana umetoa, na ni upi uliopokea?

Suala hili si la kuchezea maneno. Mwenye kujiona mfadhili huifanya kazi kwa namna moja, na mwenye kujijua kuwa ana deni huifanya kwa namna nyengine, na anayeionja tafauti hiyo ni mtoto. Kwa hivyo twataka kulitazama kwa utulivu, tukianza na kisa kimoja tunachokijua vyema.

KISA CHENYEWE

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasomea mambo ya elimu katika chuo kikuu. Alipofika mwaka wa tatu chuo kilimtaka atimize wiki kumi na mbili za kujizoeza kazi, hayo ambayo vijana wenyewe huyaita "atachimenti". Alipata nafasi katika jumuiya moja ya khairi inayowafundisha watoto waliofika gredi ya tatu, ya nne na ya tano na bado hawajui kusoma. Kazi ilikuwa katika kijiji kimoja cha Kwale. Mshahara hapakuwa. Nauli ilitoka mfukoni mwa baba yake. Malazi aliyapata kwa bibi mmoja mjane anayefahamiana na jamaa zetu, na lau si bibi huyo dada yangu asingalikubali binti yake aende.

Wiki mbili za mwanzo alipanga mafaili na kuhesabu madaftari. Wiki ya tatu alipewa watoto kumi na wanne, akaambiwa awapime kabla hajawafundisha. Kipimo chenyewe ni chepesi. Mtoto huonyeshwa herufi. Akiziweza huonyeshwa maneno, kisha aya fupi, kisha kisa kidogo cha kiasi cha darasa la pili. Pale anapokwama ndipo anapoanzishwa. Njia hii imetoka India. Jumuiya iitwayo Pratham ilianza kazi huko Mumbai mwaka 1995, na tangu mwaka 2005 imekuwa ikiongoza upimaji wa watoto majumbani mwao kwa karatasi ya namna hii. Kwetu Afrika Mashariki mpango wa Uwezo uliichukua njia hiyo kuanzia mwaka 2009.

Katika watoto wale alikuwamo mvulana wa miaka kumi na mmoja, wa gredi ya tano. Alipopewa kile kisa alikisoma chote kwa sauti ya juu bila ya kusita. Mpwa wangu alifurahi, akaishika kalamu amwandike katika wanaojua kusoma. Lakini akaona jambo: kidole cha mtoto kilikuwa katika mstari wa pili, na ulimi wake umeshafika wa nne. Akaifunika karatasi, akamwachia neno moja tu katika maneno ya kisa kile kile. Hakulijua. Akamwachia jengine, hakulijua. Akamwonyesha herufi, akazitambua chache. Mtoto alikuwa amekihifadhi kisa. Katika muda wa miaka miwili walikuwa wameshamjia wanafunzi wanne wa vyuo, mmoja baada ya mwengine, kila mmoja na karatasi ile ile, kila mmoja akianza kwa kumpima, na kila mmoja akenda zake wiki zake zilipokwisha.

Wasomaji wetu waliopitia chuoni hawatastaajabu. Nani katika sisi hakumwona mtoto anayeisoma juzuu kwa ghibu, na huku msahafu mbele yake umefunguliwa pengine kabisa? Mwalimu hodari humjua mtoto wa namna hiyo kwa kidole chake, si kwa sauti yake.

Sasa likaja jambo zito zaidi. Katika daftari la jumuiya mtoto yule alikuwa ameandikwa: "Anasoma." Msimamizi akamwambia mpwa wangu aliache neno hilo kama lilivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba karatasi ndiyo kipimo, na mtoto ameisoma karatasi. Tena khabari zilikuwa zimeshapelekwa kwa wanaotoa fedha, na kuzibadilisha ni kuzusha maswali. Msimamizi huyo ndiye aliyekuwa na kalamu ya kumwandikia binti barua yake ya sifa. Binti akafikiri usiku mzima, na asubuhi akaandika: "Herufi chache." Barua alipopewa mwishoni ilikuwa ni ya mistari mitatu, ikisema kwamba alihudhuria.

Siku ya pili yake alikwenda kwa mama wa mtoto. Alimkuta uani akisuka makuti, akamweleza kwa haya nyingi. Yule mama hakuacha kusuka. Akasema: "Mwanangu, mimi nilijua. Nikimpa chupa ya dawa anisomee hawezi. Lakini wenzako waliniambia anasoma, na nyinyi ndio wasomi. Nyinyi huja mkaandika, mkenda zenu. Mimi ndiye ninayebaki naye."

NANI ALIYETOA?

Natufanye hesabu kama wafanyavyo watu wa duka, bila ya upendeleo. Binti alipata nini? Alijifunza kupima na kufundisha, jambo asilolipata katika kitabu chochote. Alipata mada ya kuandikia insha yake ya chuo. Alipata cheti, hata kama barua yake ilikuwa fupi. Alipata ujuzi atakaoula maisha yake yote.

Mtoto naye alipata nini? Kwa mpwa wangu alipata herufi, na maneno, na mwisho aya fupi kwa kujikokota. Kwa wale wanne waliotangulia hakupata kitu. La, alipata kibaya zaidi kuliko kutopata, kwani aliyeandikwa kwamba anasoma hafundishwi tena kusoma. Neno lile moja katika daftari lilikuwa ni mlango aliofungiwa.

Na mtoto alitoa nini? Alitoa wakati wake, ambao kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja haurudi. Aliuweka ujinga wake wazi mbele ya wageni watano, na hili si jambo dogo. Sisi wakubwa hatulithubutu mbele ya mgeni mmoja. Na mama yake alitoa imani yake. Aliwaacha watu asiowajua wamshike mwanawe, kwa kuwa wamesoma na yeye hakusoma.

Fundi cherehani humfundisha mwanagenzi wake kukata kwa vitambaa vya bei rahisi, tena vya fundi mwenyewe. Kikiharibika, fundi ndiye aliyekula khasara. Mwanafunzi wa udaktari, kwa kuwa hana la kufanya, hujifunza kwa watu. Nao mara nyingi ni wagonjwa wa hospitali za serikali, wale wasio na uwezo wa kwenda kwengine. Kila daktari tunayemsifu kwa wepesi wa mkono wake, mkono huo ulijifunzia wepesi katika mwili wa mtu ambaye huenda hata jina lake daktari amelisahau. Mwalimu ni vivyo hivyo. Umahiri wa mwalimu wa skuli nzuri ya mjini mara nyingi umeanzia kwa watoto wa shamba waliovumilia kutojua kwake.

Basi kujifunza kazi kwa watu si dhulma, kwani bila ya hivyo hapatakuwa na daktari wala mwalimu duniani. Lakini ni deni. Mwenye kujifunza kwangu ameazima kitu changu, na mwenye kuazima haitwi mfadhili.

Zamani chuoni mtoto aliyesonga mbele aliwasomesha wadogo waliokuwa katika alifu, na hapana aliyeona kwamba wadogo wamedhulumiwa. Kwa nini? Kwa sababu mbili. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameketi pale pale, sikio lake likisikia kila kosa. Na yule mwanafunzi mkubwa hakuwa mpita njia, bali alikaa miaka, akiwaona wale wadogo wakisonga au wakikwama kwa mkono wake. Mambo mawili haya, jicho la mwalimu na kukaa, ndiyo yaliyokosekana kwa mvulana wetu wa Kwale.

DENI HILI SI JAMBO GENI

Mjadala juu ya deni la msomi si wa leo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga sharti la kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, ambapo miezi kumi na minane katika hiyo wangekuwa katika kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Rais Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, ingawa wengi wao walirejeshwa baadaye. Mtu aweza kubishana juu ya adhabu ile kama ilikuwa ya kiasi. Lakini suala lililokuwa katikati ya ugomvi lilikuwa ni hili hili letu: aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima, akitumwa kuwatumikia, anatoa au analipa? Na jambo moja la siku ile lafaa kukumbukwa. Rais hakuwadai vijana peke yao. Alikata na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwenye kudai deni kwa wengine yapasa aanze na lake.

Na sisi tunao mfano wa kale zaidi ya huo. Imepokewa katika vitabu vya sira kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, baadhi ya mateka wa Makka hawakuwa na mali ya kujikombolea, nao walikuwa wakijua kuandika. Ikafanywa fidia yao kuwa kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina. Lizingatie vizuri jambo hili. Watu hawa hawakuwa waumini, wala hawakwenda kufundisha kwa mapenzi ya watoto wale. Walitaka uhuru wao. Lakini kufundisha kwao kulikubaliwa kuwa ni malipo. Na kikomo chake hakikuwa idadi ya wiki. Mateka alifunguliwa pale watoto walipoimudu kazi. Kipimo kiliwekwa kwa mtoto, hakikuwekwa kwa mwalimu.

Sisi leo tumekigeuza. Twampima kijana kwa wiki kumi na mbili, na zikisha twampa cheti, awe mtoto amejua au hakujua.

JE, NIYA NJEMA YATOSHA?

Atasema msemaji: amali hutegemea niya, na vijana hawa niya yao ni njema, kwa nini kuwatia uzito wa deni? Jawabu ni kwamba niya ni baina ya mja na Mola wake, na malipo ya niya hayapotei. Lakini mtoto hafundishwi kwa niya. Niya njema isiyofuatwa na uangalifu yaweza kupita juu ya kichwa cha mtoto asipate kitu.

Mfano uko hapa hapa Kenya. Katika miaka ya 1990 jumuiya moja ya khairi iligawa vitabu vya kiada katika skuli za msingi huko Busia na jirani zake; kuanzia mwaka 1996 skuli 25 zilipata vitabu kwanza, na nyengine zikangojea zamu yao. Nani atakayesema kwamba kuwapa vitabu watoto wasio na vitabu ni jambo baya? Wataalamu, mmoja wao akiwa Michael Kremer aliyepata Tunzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walizilinganisha skuli zile na zile zisizopata. Wakakuta kwamba kwa jumla watoto waliopata vitabu hawakuwashinda wenzao katika mitihani. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu hapo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, hawakuweza kuvisoma. Niya ilikuwa safi, na vitabu vilifika. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi na mtoto na kumuuliza: wewe umefika wapi?

Na upande wa pili wa jambo hili ni huu. Kama niya njema peke yake haimfai mtoto, basi na kijana kutaka cheti peke yake hakumdhuru. Mfanyabiashara anayeleta mchele mjini anataka faida, na mji unakula. Huko Mumbai na Vadodara, baina ya mwaka 2001 na 2003, Pratham iliwaajiri wasichana wa mitaa ile ile, waliomaliza masomo ya sekondari tu, wakapewa mafunzo ya wiki mbili na ujira mdogo wa rupia 500 hadi 750 kwa mwezi. Kazi yao ilikuwa moja: kuwachukua watoto waliobaki nyuma, kama 15 au 20, kwa saa mbili kila siku, na kuwafundisha mambo ya msingi. Hawakuwa wataalamu wakubwa, na walilipwa. Walipopimwa watoto wale ilionekana kwamba wamesonga mbele, na waliosonga zaidi ni wale waliokuwa dhaifu kabisa. Ujira haukuiharibu kazi yao.

Basi niya ina kazi gani? Niya hujulikana pale njia inapogawanyika. Maadamu cheti cha kijana na faida ya mtoto vinakwenda njia moja, hapana mtu, hata kijana mwenyewe, anayeweza kujua anafuata kipi. Siku itakapokuja ambapo ukweli juu ya mtoto utamgharimu barua yake, siku hiyo ndiyo atakayoijua niya yake. Kwa binti yetu siku hiyo ilikuja katika wiki ya tatu, juu ya neno moja la daftari. Kwa wale wanne waliotangulia nayo ilikuja. Ila hawakuitambua, kwani siku hiyo haibishi hodi. Hufika ikiwa na sura ya mambo madogo: sahihi, hesabu, mstari mmoja wa kujaza.

"KIDOGO NI BORA KULIKO KUKOSA"

Atasema mwengine: hata hivyo, kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Haba na haba hujaza kibaba. Tukiwatisha vijana kwa maneno ya deni hawatakwenda, na mtoto atakosa hata hizo herufi chache.

Hoja hii ina nguvu, wala haifai kuipuuza. Lakini methali yetu ina sharti ndani yake. Haba na haba hujaza kibaba ikiwa kibaba ni kimoja. Wanafunzi wanne wakija kila mmoja na kibaba chake, akakitia haba yake, kisha akenda zake na kibaba chake, hapatajaa kitu mpaka siku ya mwisho. Mvulana wetu hakukosa wasaidizi; alikuwa nao watano kwa miaka miwili. Alichokikosa ni mkono wa kuipokea kazi ya mmoja na kuiendeleza kwa mwengine.

Pwani yetu yenyewe imekwisha onyesha njia nyengine. Mwaka 1986 ulianza hapa Mombasa mpango wa skuli za watoto wadogo za madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na kwa kuombwa na Waislamu wa pwani wenyewe, waliosikitika kuona watoto wao wakichelewa katika elimu. Mwalimu Swafiya Said alikuwa katika walioutia miguu mpango huo. Baadaye ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu hawakuletwa kutoka mbali. Walichaguliwa wanawake wa mtaa ule ule, wakafundishwa kazi huku wakifundisha, na wakufunzi wakiwajia madarasani mwao mara kwa mara. Vifaa vya kuchezea na kujifunzia vilitengenezwa kwa vitu vya nyumbani, kama vifuu, mbegu na vifuniko vya chupa. Wakufunzi walipopunguza kuja, mwalimu alikuwapo bado, kwani hapo ndipo kwao. Nao pia walijifunza kazi kwa watoto, ila deni lao walililipa pale pale walipolikopa.

DENI HULIPWAJE?

Hatuwezi kumtaka kila mwanafunzi ahamie kijijini. Wiki ni kumi na mbili, na chuo kinamngoja. Lakini ndani ya wiki hizo yako mambo matatu ambayo akiyatimiza ataondoka amelipa, au amelipa sehemu kubwa.

La kwanza ni ukweli katika daftari. Kuandika juu ya mtoto ni kutoa ushahidi, na ushahidi ni amana. Mwenye kuandika "anasoma" naye anajua kwamba hasomi, amemshuhudilia mtoto kwa uwongo, hata kama ni uwongo wa kumsifu. Tena uwongo wa kumsifu ni khatari zaidi, kwa sababu hapana atakayelalamika: wakubwa wa kazi wamefurahi, wafadhili wamefurahi, mzazi amefurahi, na mtoto hajui kwamba ameibiwa.

La pili ni kukabidhi. Mgeni mwema huondoka akiacha mtu mahali pake. Mpwa wangu, wiki zake mbili za mwisho, hakuzitumia kumfundisha mvulana peke yake. Alimchukua na dada wa mtoto yule, aliyekuwa kidato cha pili, akamweka karibu yake kila jioni baada ya Alasiri, akamwonyesha namna ya kumpima, namna ya kufunika karatasi, namna ya kubadilisha kisa ili kisihifadhiwe. Akaandika katika daftari moja kila alichokijua na asichokijua mtoto, akaliacha kwa mwalimu wa darasa, na nakala yake nyumbani. Hakuombwa na jumuiya afanye hivyo, wala hakuandikiwa. Nilimuuliza juzi khabari za mtoto. Akaniambia amempigia simu yule dada: hajawa msomaji wa haraka, lakini mstari anaousoma ni ule ule wenye kidole.

La tatu ni kusitiri. Umaskini wa watu si pambo. Kijana anayempiga picha mtoto asiye na viatu akaitawanya kwa marafiki zake, ili waone alivyo mwema, amechukua kwa mtoto kitu chengine juu ya vile alivyokwisha kutoa. Riyaa huila amali ya mwenyewe. Picha hii inakula na heshima ya mtoto.

Na kwa kuwa mizani ina pande mbili, kijana naye ana haki zake. Jumuiya inayomtumia mwanafunzi miezi mitatu bila ya kumpa hata nauli na chakula haimdhulumu yeye tu. Inawafungia mlango vijana wa maskini, kwani ni yupi katika hao mwenye baba wa kumlipia? Matokeo yake ni kwamba watoto wa Kwale hufundishwa na wageni wa mjini, na kijana aliyezaliwa Kwale, anayeijua lugha ya mama yule na kazi ya makuti, hana njia ya kwenda kufundisha kwao. Tena ana haki ya kupata msimamizi anayemsikiliza. Mwanagenzi asiye na fundi juu yake si mwanagenzi. Ni mtu aliyetupwa.

NENO KWA WAZEE

Ndugu zetu akina baba na akina mama, vijana wetu wataendelea kwenda, na waende. Khairi iliyomo ni kubwa. Lakini wakirudi tusiwaulize kuhusu cheti peke yake. Tumuulize kijana: Yule uliyemfundisha ulimkuta wapi, na ulimwachia wapi? Uliandika nini juu yake, na lingekuwa ni mwanao ungeliandika hilo hilo? Na sasa yuko mikononi mwa nani? Akiwa na majawabu, tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa mtoto huyo. Asipokuwa nayo, tusimkemee. Bado ni kijana, na njia ya kurudi kijijini haijafungwa.

Na sisi tubadilishe maneno yetu kwa majirani. Badala ya kusema, "Mwanangu alikuwa akiwasaidia watoto wa maskini," tuseme, "Kuna watoto huko Kwale wamemfundisha mwanangu kazi." Neno hili ni la kweli zaidi, na litamfundisha mwanetu adabu ambayo hakuna cheti kinachoitoa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu, azikubali juhudi zao, na atujaalie sote kuwa katika wanaozijua haki za watu na kuzitimiza. Amin.